Kilwa, Pate au Sayyida Salme: Uchague Habari Zipi kwa Chemsha Bongo ya Wafalme na Fasihi ya Kale ya Pwani

Mtu anayetaka kuandaa jioni ya chemsha bongo kuhusu fasihi ya kale na wafalme wa Pwani ya Afrika Mashariki hapungukiwi na maandishi ya kuchotea maswali. Kinachomtatiza ni kuchagua, kwa sababu maandishi hayo hayafanani kwa umri, kwa lugha wala kwa kiwango cha kuaminika, na swali lililo tamu katika kitabu kimoja huzua ubishi linapokutana na msomaji wa kitabu kingine. Nimeyapunguza yafikie matatu ambayo kwa maoni yangu yanatosha kwa kuanzia: Habari za Kilwa, Habari za Pate (mji wa kisiwani karibu na Lamu), na kumbukumbu za Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said wa Unguja, zilizochapwa mwaka 1886. Tenzi nitazigusa baadaye, maana hizo zina matumizi yake.

Nimeyapima kwa maswali mawili. La kwanza: je, jibu lina shahidi wa pili nje ya kitabu chenyewe, yaani sarafu, jengo, au msafiri aliyepita na kuandika aliyoyaona? La pili: je, aliyekosa jibu atafurahi kulisikia? Kwa kipimo cha kwanza Kilwa inashinda waziwazi. Kwa kipimo cha pili Pate haina mpinzani. Kumbukumbu za Salme ziko katikati, ila zina faida moja ambayo nyingine hazina, nayo ni kwamba mwandishi anasimulia aliyoyaona kwa macho yake.

Tuanze na Kilwa, ambako kuna mengi zaidi ya kusema. Habari za mji huo zimetufikia kwa njia tatu, na mwandalizi wa maswali asiyelijua hilo atajikuta akigombana na wageni wake. Njia ya kwanza ni ya Kireno: João de Barros alizitia katika juzuu ya kwanza ya historia yake ya Wareno huko Asia, iliyotoka mwaka 1552. Njia ya pili ni kitabu cha Kiarabu. Kitabu hicho kilitungwa katika karne ya 16 na mtu ambaye jina lake halikuhifadhiwa, na nakala tuliyo nayo ilinakiliwa Unguja mwaka 1877. Sultani Barghash alimpa nakala hiyo John Kirk, mwakilishi wa Uingereza, na sasa iko katika Maktaba ya Uingereza jijini London. Njia ya tatu ni ya Kiswahili, simulizi iliyokusanywa na Mjerumani Carl Velten na kuchapwa mwaka 1907.

Zote tatu zinaeleza jinsi mgeni kutoka Uajemi alivyokipata kisiwa, na zote tatu zinatofautiana. Katika Kiarabu, mfalme wa Shiraz aliota ndoto ya panya mwenye pua ya chuma akitoboa ukuta wa mji, akaifasiri kuwa ni dalili ya maangamizi, ndipo akaondoka na wanawe sita katika majahazi saba. Kila jahazi lilitia nanga mahali pake, miongoni mwa mahali hapo zikiwamo Mombasa, Pemba, Kilwa na Anzuani. De Barros hazungumzii ndoto wala majahazi saba. Yeye anamtaja Ali, mwana wa mfalme wa Shiraz, ambaye mama yake alikuwa Mhabeshi na ndugu zake wakamdharau kwa sababu hiyo, hata akaamua kutafuta makao mengine kwa vyombo viwili tu. Ukiuliza tu kwamba mwasisi wa Kilwa alikuja na vyombo vingapi, basi umejitafutia ugomvi. Ukiuliza kwamba alikuja na vyombo vingapi kwa mujibu wa de Barros, ubishi umekwisha kabla ya kuanza.

Kisa cha kununua kisiwa kwa nguo ndicho kinachojulikana zaidi, nacho pia kina sura zaidi ya moja. Katika Kiarabu, mwenye nchi anataka nguo za kukizungusha kisiwa chote, anazipata, anahamia bara huku akikusudia kurudi na jeshi, lakini mgeni anachimba mkondo unaotenganisha kisiwa na bara ili maji yakitoka njia ya miguu isipatikane. Katika simulizi ya Kiswahili, mwenye nchi ana jina, anaitwa Mrimba, na mgeni anamwoa binti yake. Nguo zinatandikwa ili Mrimba atembee juu yake mpaka bara, na anapotaka kurudi kwa vita, kinachomzuia si jembe bali ni kisomo cha Kurani na sadaka, maji yakakataa kupwa. Mimi naipenda zaidi simulizi hii ya tatu, na sababu yangu si ya kitaalamu: ndani yake Mrimba ni mtu kamili mwenye binti, wajukuu na kinyongo, wakati katika Kiarabu yeye ni kafiri wa bara asiye na jina. Kwa watoto wa shule hii ndiyo ya kusimuliwa kwanza.

Tuje sasa kwenye mashahidi. Sarafu zenye jina la Ali bin al-Hasan zimechimbuliwa Kilwa, kwa hiyo mtu huyo si wa ngano. Suala linalobishaniwa na wataalamu ni lini alitawala. Hesabu ya zamani, inayofuata maandishi, inamweka katika karne ya 10. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa katika miaka ya 1960, alimsogeza mbele hadi karibu na mwaka 1200. Na baada ya hazina ya sarafu zaidi ya 2,000 kugunduliwa Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984, wapo waliomrudisha katika karne ya 11. Mwandalizi mwenye busara haulizi mwaka wa kutawala kwake.

Anaweza kuuliza bila hofu kuhusu al-Hasan bin Sulaiman, kwa sababu mwaka 1331 Ibn Battuta alifika Kilwa na kumkuta akitawala. Msafiri huyo ameeleza kwamba sultani aliitwa Abu al-Mawahib, baba wa vipawa, kwa ukarimu wake. Anasimulia kwamba fakiri mmoja kutoka Yemen alimsimamisha sultani baada ya sala ya Ijumaa na kumwomba nguo alizovaa. Sultani aliingia ndani akazivua na kumpa, na fakiri akaenda zake akiwa amezitwika kichwani. Mtoto wa sultani akazikomboa nguo zile kwa watumwa kumi, na baba, alipoona watu wanavyosifu tendo lake, akaongeza watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Ibn Battuta anaongeza kwamba ndugu aliyemrithi, Daud, alikuwa kinyume chake kabisa, na akiombwa husema kwamba aliyekuwa akitoa ameshakufa wala hakuacha cha kutolewa. Daud huyo anatajwa pia katika Habari za Kilwa kama ndugu wa al-Hasan. Maandishi mawili yasiyotegemeana yanapokutana kwa jina moja namna hiyo, mwandalizi amepata swali lisilo na mashaka. Ila kisa hiki kina watumwa ndani yake kama zawadi, na mbele ya watoto si vyema kukipitisha kama kichekesho kitupu.

Jumba la sultani huyo, Husuni Kubwa, bado lina magofu yake juu ya ukingo wa mwamba kaskazini mwa kisiwa, na lina birika la kuogea la pembe nane ambalo ni jibu zuri kwa swali jepesi. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1981. Kwa swali gumu kuna sarafu za Kilwa zilizookotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na askari aliyekuwa akilinda pwani wakati wa vita. Kati ya sarafu tisa alizookota, tano zilikuwa za Kilwa. Namna zilivyofika huko ni jambo la kukisia, lakini mahali zilipookotwa hapana ubishi.

Kuna na swali ambalo ningeliweka la mwisho kabisa kwa timu zilizofungana, kwa kuwa linaunganisha ufalme na fasihi ya nchi mbili. Mwaka 1502 Vasco da Gama alimlazimisha mtawala wa Kilwa, Amiri Ibrahim, kulipa kodi ya dhahabu kwa mfalme wa Ureno. Mfalme Manuel wa Kwanza aliagiza dhahabu hiyo itengenezewe chombo cha ibada kiitwacho Custódia de Belém, kilichokamilika mwaka 1506 na kinachoonyeshwa leo katika makumbusho ya sanaa ya kale jijini Lisbon. Sonara aliyekitengeneza aliitwa Gil Vicente, na wanahistoria wengi wanaamini kuwa ndiye Gil Vicente anayehesabiwa kuwa baba wa tamthilia ya Kireno. Miaka michache baada ya kodi hiyo, Julai 1505, Francisco de Almeida aliuteka mji wenyewe.

Basi Habari za Kilwa zina udhaifu gani? Zina ukavu. Ukitoa mwanzo wake na visa vichache, zinabaki orodha ya masultani, miaka waliyokaa na mawaziri waliowapindua, na msomaji wa kawaida hupotea kabla ya kufika kwa Wareno. Ukavu huo haupo kwa de Barros, ambaye ana kisa cha mvuvi wa Kilwa aliyekokotwa na samaki mkubwa na mikondo ya bahari mpaka pande za Sofala, akawakuta huko watu wa Mogadishu wakifanya biashara ya dhahabu, akarudi kumwarifu mfalme wake. Lakini de Barros haandiki kwa Kiswahili, wala nakala ya Kiarabu si ya kila mtu. Anayetegemea Kiswahili peke yake atapata sehemu ndogo tu ya utajiri huu.

Hapo ndipo Pate inapochukua nafasi. Habari za Pate zimetungwa kwa Kiswahili tangu asili, na zimetoka vinywani mwa watu wa ukoo wa Nabahani wenyewe. Msimulizi mkuu alikuwa Muhammad bin Fumo Omari, maarufu kwa jina la Bwana Kitini. Kwa maelezo yaliyopokewa, kitabu cha asili kilipotea mwaka 1890 Waingereza waliposhambulia Witu, ambako masultani wa Pate walikuwa wamehamia, na kilichobaki ni kumbukumbu ya wazee walioijua. Kutokana nayo C. H. Stigand alichapa tafsiri ya Kiingereza mwaka 1913, Alice Werner akatoa matini ya Kiswahili pamoja na tafsiri mwaka 1914 na 1915, na mwaka 1993 Marina Tolmacheva akakusanya matoleo mbalimbali katika kitabu kimoja. Kwa mwandalizi wa maswali toleo la Tolmacheva ndilo la kutafuta, kwani linamwonyesha mara moja mahali ambapo wasimulizi wanahitilafiana.

Utamu wake unaanza ukurasa wa kwanza. Sulaiman wa ukoo wa Nabahani, mtawala aliyeondoka Uarabuni, anafika Pate mwaka 600 wa Hijria, sawa na 1204, anaposa binti wa mfalme wa mji na kuozwa. Siku saba za fungate zikiisha anakwenda kumwamkia mkwewe, na mkwe anamwambia kwamba ufalme sasa ni wake. Ni nani atakayesahau jibu la swali lililozungushiwa fungate? Kadhalika kisa cha siwa, yaani baragumu kubwa la kifalme. Mwana Darini, mwanamke wa jamaa ya kifalme, alitaka kumtahiri mwanawe kwa heshima zote, na siwa la dola lilikuwa mikononi mwa sultani asiyemtakia mema. Akaita fundi akachongewa kwa siri siwa la pembe za ndovu, na siku ya sherehe mji ukasikia sauti ambayo haikuitarajia. Siwa la Pate la pembe za ndovu, lenye urefu wa kama mita mbili, limehifadhiwa katika makumbusho ya Lamu, kwa hiyo hapa hata Pate ina shahidi anayeonekana kwa macho.

Kwa miaka, hata hivyo, Pate si ya kuaminiwa kirahisi. Chittick aliandika mwaka 1969 kwamba orodha ya masultani wa awali haiafikiani na kumbukumbu za Wareno, na kwamba Wanabahani wanaelekea kuwa walishika utawala baadaye sana kuliko mwaka 1204. Wachimbaji waliofuata wameonyesha kuwa mji wenyewe ni wa kale kuliko hata mwaka huo, lakini ukale wa mji hauthibitishi ukale wa ukoo unaoutawala. Ukoo ulioshindwa vita, ukanyang'anywa mji na kisha kuhamia msituni Witu una kila sababu ya kurefusha nasaba yake, na kwa hilo siwalaumu. Kadiri habari zinavyokaribia karne ya 19 ndivyo zinavyozidi kushikika. Vita vya Shela, ambapo watu wa Lamu waliwashinda Pate na Mombasa mnamo mwaka 1812 na baadaye wakaomba himaya ya Sayyid Said, vina mashahidi wa pande zote, na ngome ya Lamu iliyomalizika mwaka 1821 bado imesimama katikati ya mji.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa atakayetumia Pate ni kuanza kila swali na maneno "kwa mujibu wa Habari za Pate", na kuuliza juu ya matendo badala ya tarehe. Mashindano yenye zawadi na mwamuzi yachotewe Kilwa. Baraza la jioni ambapo hakuna anayehesabu alama kwa ukali, na ambapo babu atataka kuongeza la kwake, lipewe Pate. Mwenye nafasi ya kusoma kimoja tu, na Kiswahili ndiyo lugha anayoimudu, achukue Pate bila kusita, kwani miaka yenye mashaka ni kasoro ndogo ukiilinganisha na kitabu kisichosomeka.

Sayyida Salme nampendekeza kwa kundi la tatu, yaani wasomaji wa rika mchanganyiko ambao hawana hamu ya karne za mbali. Alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, akaondoka Unguja mwaka 1866, akaolewa na mfanyabiashara wa Hamburg, akawa Emily Ruete, na mwaka 1886 akachapa kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Maswali yake ni mepesi kuandaa. Alijifunza kuandika kwa kificho, kwa kuwa wasichana wa jumbani walifundishwa kusoma tu, akinakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia. Ujuzi huo ndio uliomtia matatani, kwa sababu ndugu yake Barghash alipopanga kumpindua Sultani Majid, ndugu yao mwingine, mwaka 1859, binti wa miaka 15 akawa mwandishi wa barua za njama. Hilo ni swali ambalo mtoto wa darasa la sita analielewa na mtu mzima analifurahia. Tahadhari ni moja: kitabu kina sura inayotetea utumwa kama ulivyokuwa Unguja, na anayekisoma na vijana ajiandae kuizungumza sura hiyo, asiiruke.

Nilisema nitazigusa tenzi. Mimi sizichukui kuwa chanzo cha maswali ya historia, isipokuwa kwa mambo yanayohusu utenzi wenyewe. Kwa mfano, Utendi wa Tambuka, ambao muswada wake una tarehe ya mwaka 1728, ulitungwa na Mwengo bin Athumani kwa kuombwa na mfalme wa Pate, lakini vita vinavyosimuliwa humo ni baina ya Waislamu wa mwanzo na Herakli, mfalme wa Rumi. Ni mtego mzuri kwa wanaodhani kila utenzi wa Pate unahusu Pate. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir ndiyo inayohusu Pate kweli, majumba yake yaliyong'aa kwa taa na yaliyoachiwa popo, lakini Kiswahili chake cha kaskazini kinahitaji maelezo karibu kila ubeti, na chemsha bongo haina subira hiyo. Utenzi wa Fumo Liyongo, shujaa wa masimulizi ya pwani, ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, unafaa zaidi: tupa iliyofichwa ndani ya mkate aliopelekewa gerezani na kijakazi Saada, na sindano ya shaba iliyomwua kitovuni, ni majibu ambayo nusu ya ukumbi itayajua na nusu nyingine itayaonea wivu. Usiulize tu kwamba Liyongo aliishi karne gani, maana wataalamu hawajakubaliana.

Kwa anayetaka mshairi mwanamke mwenye uhusiano na watawala, Mwana Kupona binti Msham anatosha. Alikuwa mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siu, mji wa kisiwa cha Pate, aliyempinga Sayyid Said kwa miaka mingi, na mwaka 1858 alimtungia bintiye Mwana Hashima utendi wa nasaha. Weka swali lake jirani na lile la Salme, kisha uwaulize washindani ni yupi kati ya wanawake hao wawili ambaye mumewe alipigana na baba wa mwenzake.